Nilipamba Biskuti 48 za Bridgerton, Halafu Nikauliza Sukari Ilitoka Wapi

Saa tano usiku simu ikalia. Ujumbe: "Sasa mrembo! Unaweza kunifanyia biskuti 48 za Bridgerton? Dadangu anaolewa, tunamfanyia pati." Nikajibu naweza hata kabla sijafikiria. Sh150 kila biskuti, jumla Sh7,200. Nusu ikaingia kwa M-Pesa papo hapo, nami nikatoka kitandani nikacheza densi jikoni peke yangu.

Kama wewe ni mgeni hapa, mimi hupika biskuti nyumbani, Umoja, kwa oveni ndogo ya umeme inayokaa juu ya meza na kumaliza tokeni za stima kama mgeni mwenye njaa. Biskuti zenyewe ni za kawaida tu: unga, siagi, sukari, yai, vanila. Kazi iko kwa aisingi. Unachapa ute wa yai na sukari ya unga mpaka iwe nyeupe na nzito, unatia matone ya ndimu. Ile nzito unachorea mpaka wa biskuti. Nyingine unaiongeza maji kidogo, unaimwaga katikati, inajaa yenyewe hadi kwenye mpaka. Halafu unaiacha ikauke usiku kucha, na kama ni Julai, na baridi ya Nairobi, hapo ni maombi.

Pati za mada ndizo zinanilisha. Mtu anachagua hadithi moja, halafu nguo, keki, baluni na biskuti zote zinafuata hiyo hadithi. Nimeshapamba simba, maroketi, na Barbie mpaka nikachoka na rangi ya waridi. Lakini Bridgerton inarudi kila mara. Watu wanapenda zile gauni, glavu ndefu, vikombe vya chai, maua na ile buluu hafifu.

Sasa mimi, kwa sababu ya kutaka kuonekana mjuaji, nikasema wacha nitafute walikuwa wanakula nini kweli. Hadithi ile inaanzia London mwaka 1813. Nilikuwa natafuta tu michoro ya vikombe niige. Nikakutana na picha ya bakuli la sukari lenye maandishi, na hilo bakuli likaninyima usingizi wiki nzima.

Nitalirudia. Kwanza wacha tuelewane kuhusu sukari.

Kuna mtu alishaniambia kwamba kupamba biskuti ni kuiga wazungu. Haya, tuanze na neno lenyewe. "Sukari" tulilipata kwa Waarabu, wao wanasema sukkar. Asili yake ni Kisanskriti, sharkara, maana yake changarawe. "Sugar" ya Waingereza na "sucre" ya Wafaransa zimetoka ukoo huohuo. Miwa ilianza kulimwa New Guinea maelfu ya miaka iliyopita. Wahindi ndio waliojua kuchemsha maji yake mpaka yagande kuwa chembe, na Waarabu wakaieneza hadi Misri na Mediterania. Wazungu walikuja kwa hii pati wakiwa wamechelewa.

Hata mapambo yalianza bila wao. Karne ya 11, msafiri mmoja wa Kiajemi, Nasir Khusraw, alifika Cairo wakati wa Ramadhani. Kwenye jumba la mtawala akaona karamu imepambwa kwa mti kama mchungwa, na kila tawi, kila jani, kila tunda lake lilikuwa la sukari. Fikiria kazi hiyo! Aliyeutengeneza hajatajwa jina, lakini kwangu yeye ndiye babu wa sisi wote wenye mifuko ya aisingi mkononi.

Baadaye wafalme wa Ulaya nao wakajifunza. Karamu zao zikawa na majumba ya sukari, meli za sukari, simba wa sukari. Inasimuliwa kwamba Malkia Elizabeth I aliagiza biskuti za tangawizi zilizopambwa zikafanana na wageni wake. Yaani huyo alikuwa anafanya pati ya mada zaidi ya miaka 400 kabla ya mteja wangu. Na sababu ilikuwa ileile ya leo, watu waone. Sukari ilikuwa bei ghali sana, kwa hivyo kuigeuza pambo ilikuwa kusema ninazo, na ninaweza kuzichezea.

Sasa swali. Ilikuwaje kitu cha wafalme kikafika mezani kwa kila mtu?

Mwaka 1493, Columbus alipoenda Karibi mara ya pili, alibeba miche ya miwa. Miaka ya 1640, kisiwa kidogo cha Barbados kikaanza kugeuzwa shamba moja kubwa la miwa. Waliolima walikuwa Waafrika waliouzwa. Wanahistoria wanakadiria kwamba watu milioni 12.5 walipakiwa kwenye meli za watumwa kuvuka Atlantiki, na karibu milioni 10.7 ndio waliofika wakiwa hai. Wengi wao walipelekwa kwenye miwa.

Kazi ilikuwaje? Muwa ukishakatwa lazima usagwe haraka, kwa hivyo msimu wa mavuno kinu kilizunguka usiku na mchana. Mtu alisimama mbele ya magurudumu mazito akilisha miwa kwa mkono, amechoka, anasinzia. Mkono ukishikwa na kinu, haukutoka. Ndiyo maana shoka au panga liliwekwa karibu, la kumkata mkono kabla mwili mzima haujavutwa ndani. Niliposoma hapo nilifunga simu, nikaenda kukaa nje.

Halafu kuna hii ya weupe. Sukari ikitoka kwenye sufuria ni ya kahawia, imejaa molasi. Ili iwe nyeupe waliimimina kwenye vyungu vyenye umbo la pia, wakaweka udongo wenye maji juu yake. Maji yalishuka polepole yakiosha molasi hadi chini. Ulaya iliyeyushwa ikasafishwa tena, ikauzwa kama pia ngumu iliyofungwa kwa karatasi ya buluu. Kwa nini buluu? Ili sukari ionekane nyeupe zaidi. Mimi hapo nilikuwa nimeshachanganya bakuli zima la aisingi ya buluu kwa sababu inaipendeza ile nyeupe. Watu wa kuuza sukari waliijua hiyo siri zamani.

Usidhani hii ni hadithi ya Atlantiki peke yake, sisi huku hatumo. Mwaka 1776, Mfaransa aliyeitwa Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa, auziwe watu 1,000 kila mwaka wapelekwe Île de France, ambayo leo tunaiita Mauritius. Kilwa hii ya Waswahili, ya pwani yetu, na aliyekubali upande wa pili alikuwa mtawala wa hukuhuku. Waingereza waliteka kisiwa hicho mwaka 1810. Mwaka 1825 walipoipunguzia sukari yake ushuru sawa na ya Karibi, Mauritius nzima ikawa miwa. Utumwa ulipokatazwa huko mwaka 1835, mashamba yakajazwa vibarua wa mkataba kutoka India.

Basi nikampigia babu simu.

Babu amelima miwa magharibi mwa Kenya tangu mamangu hajazaliwa. Mimi huniita "mama" kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Nikamuuliza, "Babu, miwa ikikatwa inaweza kukaa siku ngapi?"

Akacheka. "Kwani mama umerudi shule? Muwa ukikatwa ni kama maziwa. Ukiuweka siku mbili tatu, sukari inapungua, uzito unapungua. Na sisi tunalipwa kwa uzito."

Akaniambia vitu ambavyo sikuwahi kumuuliza miaka yote hii. Kwamba unapanda, unangoja mwaka mmoja na nusu au zaidi, halafu unangoja trekta. Kuna mwaka miwa yake ilikatwa, trekta ikakosa kuja, ikakauka kando ya barabara akiiangalia. Mwaka mwingine kiwanda kilichukua miwa yote na kukaa na pesa zake zaidi ya mwaka. Sitakitaja, bado anawapelekea. Mamangu alikuwa sekondari, akarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. "Hapo tulikunywa turungi bila sukari," babu akasema. "Nyumba imezungukwa na miwa pande zote nne, na sukari hatuna."

Nieleweke vizuri. Silinganishi babu na mtumwa. Babu ana shamba lake, ana kura, na mwaka juzi aling'oa nusu ya miwa akapanda mahindi bila kuomba ruhusa ya mtu. Lakini muwa ni uleule, na haraka yake ni ileile. Anayeumizwa na hiyo haraka ni yule aliye karibu na shamba, na anayefurahia utamu yuko mbali. Mimi na mteja wangu tuko huko mbali, hata kama babu ni wangu.

Sasa bakuli.

Mwezi Aprili 1791, Bunge la Uingereza lilikataa mswada wa kusimamisha biashara ya watumwa. Watu walikasirika. Mwaka huohuo William Fox akachapisha kijitabu cha kuwaambia Waingereza waache sukari ya Karibi, na akawapigia hesabu. Familia inayotumia pauni 5 za sukari kwa wiki, yaani kilo mbili na kidogo, ikiacha kwa miezi 21, itazuia mtu mmoja asifanywe mtumwa au asiuawe. Mtu mmoja mzima kwa miezi 21 ya chai! Mimi biskuti 48 hunimalizia karibu kilo moja na nusu, unga na aisingi pamoja. Oda mbili tu na nimepita wiki ya Fox.

Kijitabu kikasambaa ajabu. Wanaharakati wa wakati ule walikadiria kwamba watu kama laki tatu waliacha hiyo sukari. Na walioshika usukani kwenye nyumba nyingi walikuwa wanawake, wengine wasichana wa umri wetu. Kura hawakuwa nayo, bungeni hawakuruhusiwa kukaa, lakini funguo za kabati la sukari walikuwa nazo. Vuguvugu hilo lilipofufuka tena miaka ya 1820, yakauzwa mabakuli ya sukari yaliyoandikwa kwamba sukari iliyomo imetoka India, haikutengenezwa na watumwa. Mgeni akija, ukimkaribisha chai, bakuli linamwambia msimamo wako kabla hujafungua mdomo. Haikumaanisha kwamba mkulima wa India alikuwa analipwa vizuri. Lakini angalau swali lilikuwa limewekwa mezani, kando ya keki.

Na hapa lazima niwe mkweli: watumwa hawakukombolewa na vikombe vya chai. Walijipigania. Saint-Domingue, koloni iliyotoa sukari kuliko zote, waliinuka Agosti 1791, na mwaka 1804 ikawa nchi huru ya Haiti. Barbados waliinuka 1816, Jamaica 1831. Biashara ya watumwa ikakatazwa na Uingereza 1807, na utumwa wenyewe kwa sheria ya 1833. Serikali ikalipa fidia ya pauni milioni 20, na walioipokea ni waliokuwa wanamiliki watu. Waliomilikiwa hawakupata kitu. Deni lililobeba hiyo fidia lilimalizika kulipwa mwaka 2015. Mimi nilikuwa darasa la sita.

Kitu kingine. Bridgerton imejaa mabwana na mabibi weusi, na watu hubishana ati kama ni kweli. Masultani wa mitandao, tulieni: London ya ukweli ilikuwa na weusi wengi, ila si kwa mtindo huo. Ignatius Sancho alifika huko akiwa mtoto mtumwa. Mwaka 1774 akafungua duka Westminster, akapiga kura, mmoja wa weusi wa kwanza wanaojulikana kufanya hivyo Uingereza. Dukani mwake aliuza chai, tumbaku na sukari. Ndiyo, sukari hiyohiyo. Alichukia utumwa na aliandika dhidi yake, na bado ilibidi auze ili familia ile. Niliposoma hayo nilipumua kidogo. Hakuna mtu amekaa nje kabisa ya hii kitu, hata Sancho, sembuse mimi na tokeni zangu za stima.

Kuhusu hizi biskuti zetu za kupamba, tusidanganyane, si za 1813. Keki ya harusi yenye aisingi ipo kwenye kitabu cha mapishi cha Elizabeth Raffald cha mwaka 1769. Neno "cookie", ambalo Wamarekani walilitoa kwa Waholanzi, lipo kwenye kitabu cha Amelia Simmons cha 1796. Harusi ya Malkia Victoria mwaka 1840 ndiyo iliyoifanya keki nyeupe iwe ndoto ya kila bibi harusi. Ushuru wa sukari ulipoondolewa Uingereza mwaka 1874, hata mfanyakazi wa kiwandani aliweza kula tamu kila siku. Weupe uliokuwa alama ya utajiri ukawa kitu cha kila mtu. Huku kwetu kiwanda cha Miwani, karibu na Kisumu, kilianza mwaka 1922, na Ramisi kule Kwale kikafuata baada ya miaka michache.

Nikabaki na oda yangu. Rafiki yangu mmoja akaniambia nirudishe pesa. Mwingine akasema, "Wewe unafikiria sana, pamba biskuti ukalale." Nikafikiria nikikataa, mteja ataenda kwa mwingine, mimi nitakosa Sh7,200, na babu hataongezewa hata shilingi. Na pia, kwa nini sisi kila tukifika kwenye historia tuwe na njia mbili tu, kufurahia bila kujua au kujua bila kufurahia?

Nikapamba zote 48. Vikombe 12, maua 12, glavu 12, na 12 zenye herufi ya bibi harusi. Halafu nikaongeza sita za bure, zenye umbo la bakuli la sukari, nyeupe na mpaka wa buluu. Juu yake nikaandika kwa aisingi ya kahawia maneno mawili: Nani alilima?

Nikamtumia mteja picha na kumweleza kwa kifupi. Akakaa kimya dakika kumi. Halafu: "Haya, lakini usinitie aibu mbele ya mashemeji."

Jumamosi nikapeleka, nikabaki kusaidia kupanga meza. Msichana mmoja wa rika letu akashika bakuli, akasoma, akasema, "Si ungeandika tu Upendo?" Akaila. Sawa, ndiyo kazi ya biskuti. Lakini kulikuwa na shangazi mmoja, mama wa miaka kama sitini, amevaa glavu ndefu kama kila mtu na amezichoka. Akaisoma kwa sauti: "Nani alilima?" Kisha akajibu mwenyewe, bila kumwangalia mtu, "Mimi. Mimi nililima. Miaka minane."

Wasichana wakanyamaza. Mmoja akauliza, "Wapi, shangazi?" Akavua zile glavu na kuanza kuwaeleza, majani ya miwa yanavyokata mikono, masizi yanavyoingia puani shamba likichomwa, na jinsi yeye na mumewe walivyosomesha watoto kwa hiyo kazi. Bibi harusi alikuwa hajui. Shangazi yake mwenyewe, na alikuwa hajui. Alipomaliza, shangazi akafunga biskuti yake kwa tishu na kuitia kwenye mkoba. Muziki ukarudi, watu wakacheza, na pati ilikuwa moto sana, asanteni.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Fanya pati yako. Vaa gauni, shika kipepeo, niletee oda, tafadhali niletee oda. Lakini ukichagua enzi ya watu, chukua na maswali yao. Wasichana wa 1791 waliishi katikati ya hizo gauni na hizo chai, na bado walijua kuuliza sukari imetoka wapi. Sisi tuna simu zenye intaneti na tuna babu wenye miwa. Hatuwezi kuwa tunauliza kidogo kuliko wao.

Mimi nimeanza kuuliza. Wiki hii nilienda dukani na kugeuza pakiti ya sukari ya unga pande zote. Jina la kampuni lipo, uzito upo, tarehe ya mwisho ipo. Babu bado anangoja malipo ya miwa ya mwaka jana, na labda miwa yake ndiyo niliyoshika mkononi, labda siyo. Yale mabakuli ya miaka ya 1820 yalisema yametoa wapi. Pakiti yangu haisemi.